Salamu ya Upendo: Habari za Edward Elgar na Mkewe

Yuko wimbo mmoja mfupi usio na maneno ambao wengi wenu mmekwisha kuusikia, hata kama jina lake hamlijui. Hupigwa mara nyingi arusini, watu wakimngojea bibi arusi, au wakati wanapotia sahihi kitabuni. Hauzidi dakika tatu au nne. Huanza kwa upole, mkono wa kushoto ukienda kama mtu anayepumua, na juu yake sauti moja inaimba, inapanda, inarudi, mwisho inapanda sana kama inataka kusema yote kwa mara moja, kisha inanyamaza taratibu. Jina lake ni la Kifaransa, Salut d'Amour, maana yake Salamu ya Upendo. Kwa sababu ya jina hilo wengi hudhani aliyeutunga ni Mfaransa. Alikuwa Mwingereza, mwana wa mwenye duka, na aliutunga kwa ajili ya mwanamke ambaye jamaa zake hawakutaka kabisa aolewe naye.

Edward Elgar alizaliwa tarehe 2 Juni 1857 katika kijiji cha Broadheath, karibu na mji wa Worcester, Uingereza. Babaye, William, alikuwa fundi wa kutengeneza sauti za piano. Alikwenda nyumba kwa nyumba za wakubwa amepanda farasi, na mjini alikuwa na duka la kuuza vyombo vya muziki na karatasi za nyimbo. Mamaye, Ann, alitoka katika watu wa shamba, lakini alipenda sana kusoma vitabu. Huyu mama aliingia katika Kanisa la Kirumi, akawalea watoto wake humo. Mumewe hakupendezwa na jambo hilo, ingawa yeye mwenyewe alipiga kinanda katika kanisa la Wakatoliki la Mtakatifu George kwa miaka karibu arobaini. Ndivyo walivyo baadhi ya wapiga kinanda: mikono iko kanisani, na mengine wanayajua wenyewe.

Watoto walikuwa saba, Edward wa nne. Ndugu zake wawili walikufa wangali wadogo. Edward hakupelekwa chuo cho chote cha muziki. Alijifunza dukani kwa baba, akichukua vitabu na vyombo vilivyokuwa vikingoja mnunuzi, na alijifunza katika Kanisa Kuu la Worcester, ambalo ni la Waanglikana, kwa kwenda kusikiliza kinanda na kwaya. Alitamani kwenda Leipzig, Ujerumani, kusoma muziki. Akaanza hata kujifunza Kijerumani. Fedha hazikupatikana. Akiwa na miaka 15 aliacha shule akatiwa katika ofisi ya wakili, akavumilia kama mwaka mmoja, kisha akatoka na hakurudi tena kwenye kazi ya ofisi maisha yake yote.

Baada ya hapo akaishi kama waishivyo wanamuziki wengi wa miji midogo, yaani kwa kuokota hapa na pale. Alifundisha watoto fidla, kazi aliyoichukia. Alipiga fidla katika okestra ya Birmingham. Kuanzia mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa bendi ya wauguzi na watumishi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Powick, akawatungia muziki wa kucheza, maana waganga wa hospitali ile waliamini kwamba muziki huwatuliza wagonjwa. Mwaka 1885 akashika nafasi ya babaye kwenye kinanda cha Mtakatifu George. Aliwahi kuchumbia msichana mmoja, uchumba ukavunjika, na yule msichana akahamia New Zealand. Basi alipofika miaka 29 alikuwa kijana mrefu, mwenye masharubu makubwa, mwenye haya na hasira za haraka, ambaye nje ya mkoa wake hakuna aliyemjua.

Mwezi Oktoba 1886 alipata mwanafunzi mpya. Huyu hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka 38, Bibi Caroline Alice Roberts, aliyetaka kujifunza kusindikiza fidla kwa piano. Alizaliwa mwaka 1848 huko Bhuj, Bara Hindi, ambako babaye, Meja Jenerali Sir Henry Roberts, alikuwa katika jeshi. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na Alice alikaa na mamaye mjane katika nyumba kubwa huko Redmarley, kusini ya Worcester. Alijua Kijerumani vizuri. Alikuwa mwandishi: utenzi wake mrefu ulipigwa chapa mwaka 1879, na kitabu chake cha hadithi mwaka 1882. Jamaa zake walikuwa watu wa Kanisa la Uingereza na wa jeshi, wenye mashamba na vyeo.

Yasimuliwa kwamba dereva wa gari lao la farasi ndiye aliyetambua kwanza kuwa bibi wake hakwenda kule kwa ajili ya masomo tu. Labda ni masimulizi. Lakini watu wa nyumbani mara nyingi huona mambo mapema kuliko wenye nyumba.

Mamaye Alice akafa mwaka 1887. Mwaka uliofuata Edward alikuwa likizoni kwa rafiki yake, daktari mmoja wa huko Settle, Yorkshire, naye Alice akampa shairi alilolitunga miaka kadha nyuma, juu ya upepo wa alfajiri. Edward alilitungia muziki. Na yeye naye akatoa zawadi yake, ule wimbo mfupi wa dakika tatu. Aliuita kwa Kijerumani Liebesgruss, yaani salamu ya upendo, kwa kuwa bibi yule alikipenda Kijerumani. Juu yake akaandika kwamba ni kwa Carice. Jina hilo halikuwako duniani: alichukua Caroline na Alice akayaunganisha. Mwezi Septemba 1888 wakawa wachumba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Tuyapime mambo yalivyokuwa machoni pa jamaa wa Alice. Kwanza, huyu ni mwana wa muuza duka, na katika Uingereza ya siku zile mwenye duka hakuingia kwa mlango wa mbele katika nyumba ya jenerali. Pili, hana fedha wala kazi ya kudumu. Tatu, bibi amemzidi umri kwa miaka minane na zaidi. Nne, ni Mkatoliki. Sisi tulio katika Kanisa la Anglikana hatuna budi kukiri kwamba jambo hili la nne halikuwa dogo kwa watu wetu wa wakati ule. Wengine katika jamaa walikataa katakata, na iko habari kwamba shangazi mmoja alimfuta Alice katika wasia wake. Alice alisikiliza yote, akaenda zake. Tarehe 8 Mei 1889 walioana London katika kanisa la Wakatoliki la Brompton, kwa ibada iliyofupishwa, kama ilivyokuwa desturi pale mmoja alipokuwa si Mkatoliki. Jamaa waliohudhuria walikuwa wachache. Baadaye Alice naye aliingia katika kanisa la mumewe.

Na ule wimbo? Edward aliuuza kwa wachapaji wa Kijerumani, kampuni ya Schott, kwa fedha kidogo na kwa mara moja tu, asiwe na fungu katika mauzo ya baadaye. Kwanza haukununuliwa sana. Wachapaji wakabadili jina liwe la Kifaransa, wakafupisha jina la mtunzi liwe Ed. Elgar, ili watu wasijue sana kuwa ni Mwingereza, maana wakati ule Ulaya haikutazamia kitu kizuri cha muziki kutoka Uingereza. Hila hiyo ilifaa. Ukatolewa kwa piano peke yake, kwa fidla na piano, kwa chelo, na kwa okestra ndogo. Tarehe 11 Novemba 1889 okestra ya Crystal Palace, London, iliupiga mbele ya watu. Ukaenea katika mahoteli, majumbani, na katika mabustani ya starehe ya nchi nyingi, na mtunzi wake hakuongezewa hata senti. Alikuwa mtu wa kunung'unika kuhusu fedha, na kwa jambo hili nadhani alikuwa na haki.

Wakaenda kukaa London ili Edward ajulikane. Hakujulikana. Alizunguka na karatasi zake kwa wachapaji na waongozaji wa okestra, wengi wakamrudishia. Huko London, tarehe 14 Agosti 1890, walizaliwa mtoto wao wa pekee, binti. Wakamwita Carice. Jina lililoandikwa juu ya karatasi ya nota likawa sasa jina la mtu. Mwaka 1891 walifungasha vyombo vyao wakarudi upande wa Worcester, katika mji wa Malvern, naye Edward akarudia kufundisha fidla katika shule za wasichana. Kwa mtu aliyeondoka kwa matumaini makubwa, kurudi vile kulikuwa uchungu.

Sasa natamani msomaji amwangalie Alice, maana katika vitabu vingi anapita kama kivuli. Karatasi zenye mistari ya nota zilikuwa ghali. Alice alinunua karatasi tupu akapiga mistari kwa mkono, kwa kalamu maalum yenye ncha tano, ukurasa baada ya ukurasa, na kazi kubwa ya okestra yaweza kula mamia ya kurasa. Aliandika majina ya vyombo na maneno ya waimbaji ili mumewe asipoteze wakati. Alitembea maili kadha katika mvua kupeleka vifurushi posta. Edward alipokata tamaa, naye alikata tamaa mara nyingi, wakati mwingine akisema hata maneno ya kutaka kufa, Alice ndiye aliyemrudisha mezani. Kwa kazi yake mwenyewe ya uandishi hakubakiza nafasi kubwa. Alitunga mashairi machache, mengine mumewe akayatia muziki, lakini kitabu kingine cha hadithi hakukitoa. Katika kitabu chake cha siku aliandika kwamba kumtunza mtu mwenye kipaji kikubwa ni kazi ya kumtosha mwanamke maisha yake yote. Wasomaji wetu akina mama wanaweza kuliamua neno hilo wenyewe. Mimi naona aliamini alichoandika, na naona pia kwamba alilipa gharama.

Siku moja ya Oktoba mwaka 1898 Edward alirudi nyumbani amechoka kwa kufundisha. Akaketi kwenye piano akapigapiga bila kufikiri. Alice, akiwa karibu, akamkatiza kwa kuuliza ule ulikuwa wimbo gani, maana ameupenda. Edward akajibu si kitu, lakini waweza kufanywa kitu. Akaanza kuucheza kwa namna ambayo rafiki zao mbalimbali wangeucheza, na Alice akawatambua mmoja mmoja. Hivyo zikazaliwa zile Variesheni za Enigma, zenye picha 14 za watu. Ya kwanza ni ya Alice. Ndani yake mna sauti fupi ambayo Edward alizoea kuipiga mluzi alipofika nyumbani, ili mkewe ajue amerudi. Ya 9 ndiyo ile iitwayo Nimrod, ya rafiki yake Jaeger, ambayo hupigwa London kila mwaka siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Ya mwisho ni yeye mwenyewe, na humo ile ya Alice inarudi. Kazi hii ilipigwa London tarehe 19 Juni 1899 chini ya Hans Richter, naye Edward, mwenye miaka 42, akawa mtu mashuhuri.

Mwaka 1900 alitoa kazi yake kubwa ya kuimbwa, Ndoto ya Gerontius, juu ya mzee anayekufa na safari ya roho yake mbele ya Mungu. Maneno ni ya Kardinali Newman, ambaye zamani alikuwa kasisi wa Kanisa letu kabla ya kwenda Roma. Siku ya kwanza, Birmingham, tarehe 3 Oktoba, mambo yaliharibika. Mwalimu wa kwaya alikuwa amefariki ghafula, mazoezi hayakutosha, waimbaji wakapotea. Edward aliumia sana, na tangu siku ile hakuzungumza juu ya Mungu kwa raha kama kwanza. Wajerumani huko Düsseldorf ndio walioirudishia kazi ile heshima, mwaka 1901 na 1902. Ilipoletwa katika Kanisa Kuu la Worcester mwaka 1902, ilibidi maneno kadha yaondolewe au yabadilishwe, yale ya kumwomba Bikira Maria na watakatifu na habari za toharani, kwa kuwa wakuu wa kanisa hawakuyaridhia. Mtunzi alikubali. Alikuwa akiongoza okestra mwenyewe katika jengo lile alilolijua tangu utoto, mamaye akiwa amefariki siku chache tu kabla.

Heshima zikafuata haraka. Mfalme alimpa cheo cha Sir mwaka 1904. Yasimuliwa kwamba Carice, aliyekuwa na miaka 13, alifurahi hasa kwa ajili ya mama, kwa kuwa sasa mama amerudishwa mahali pake pa zamani. Mtoto alikuwa amesikia mengi nyumbani, au alikuwa amehisi bila kuambiwa. Simfonia ya kwanza ilipigwa Manchester tarehe 3 Desemba 1908, na katika mwaka mmoja hivi ikapigwa karibu mara 100 katika miji mbalimbali. Mwaka 1910 ikafuata konserto ya fidla. Wakanunua nyumba kubwa Hampstead, London, na gharama zake zikawasumbua.

Haikuwa ndoa isiyo na kivuli. Edward alikuwa mgumu, mwepesi wa kununa, aliyependa kusifiwa na wanawake wengine, na mmoja wao alimwandikia barua nyingi mno. Alice alimjua mwanamke yule, akampokea nyumbani kama rafiki. Hayo tunayaacha hapo.

Vita vya 1914 vilimvunja moyo, maana rafiki zake wengi na waliomsaidia kwanza walikuwa Wajerumani. Mwaka 1917 Alice alimtafutia nyumba ndogo ya mashambani huko Sussex, iitwayo Brinkwells, katikati ya msitu. Huko Edward alikata kuni, akatengeneza mapipa na wenyeji, na muziki ukarudi: kazi tatu za vyombo vichache, na konserto ya chelo. Konserto hiyo ilipigwa mara ya kwanza London tarehe 27 Oktoba 1919, na ikapigwa vibaya, kwa sababu mwongozaji mwenzake alikula wakati mwingi wa mazoezi. Alice alikasirika kuliko mumewe. Alikuwa na miaka 71, amedhoofika, anakohoa, na Edward hakuona au hakutaka kuona.

Tarehe 7 Aprili 1920 Alice alifariki nyumbani Hampstead, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Wakamzika katika kanisa dogo la Wakatoliki la Mtakatifu Wulstan, Little Malvern, mahali panapotazama bonde lote la Severn. Wapigaji wanne walipiga kipande cha polepole cha muziki aliotunga mumewe kule Brinkwells, ambacho Alice alikipenda.

Edward akaishi miaka 14 zaidi. Mwaka 1924 alifanywa Mkuu wa Muziki wa Mfalme. Alifuga mbwa, ambao zamani hawakuruhusiwa nyumbani, akaenda kwenye mashindano ya farasi, akaongoza okestra kwa ajili ya sahani za santuri. Kazi mpya zilikuwa chache na ndogo, ukizilinganisha na za kwanza. Mtu aliyepiga mistari hayupo, na hakuna tena aliyeuliza kutoka chumba cha pili kwamba ule ni wimbo gani. Mwishoni alianza simfonia ya tatu akaiacha vipande vipande. Januari 1934, akiwa mahututi kwa saratani, walimwekea waya wa simu kutoka studio ya London mpaka kitandani kwake Worcester, akasikiliza okestra ikipiga kazi yake ya zamani na kuwasahihisha. Alifariki tarehe 23 Februari 1934. Wakamlaza na Alice kule Little Malvern, katika kaburi lile lile. Mwaka 1935 Kanisa Kuu la Worcester, ambalo lilikuwa limeyakata maneno ya Gerontius, liliweka dirisha la vioo vya rangi kwa ukumbusho wake, na picha yake ni ya Gerontius.

Carice aliolewa mwaka 1922, hakujaliwa mtoto. Aliyatunza majarida ya wazazi wake na kusaidia kuifanya nyumba ya Broadheath iwe mahali pa ukumbusho, hata alipofariki mwaka 1970. Mpiga kinanda akitaka kununua ule wimbo leo, atakuta juu ya ukurasa wa kwanza jina lile lile, à Carice.